Jina Likiitwa Mbele ya Watu

Ukitaka kujua nani ni staa hapa Mangateen, usiulize wazee wala usiulize mashirika. Enda kwa meza ya kuchaji simu. Kijana wa pale ana laptop ya zamani, spika moja iliyopasuka, na nyimbo nyingi kuliko vitabu vya shule yetu. Unampa memori kadi yako, unamlipa kidogo, anakujazia. Anachojaza mara nyingi ndicho watu wanachokipenda kweli, kwa sababu hapa hakuna mtu anayetoa pesa yake ya mwisho ili kumfurahisha mwingine. Kaa nusu saa tu. Utasikia Silver X na John Frog wa kwetu, utasikia Diamond Platnumz wa Tanzania na Eddy Kenzo wa Uganda. Halafu atakuja mzee ambaye hajui hata kuwasha simu, amebeba simu ya mjukuu wake, aombe nyimbo za Gordon Koang. Akiulizwa zipi, atasema zote ulizo nazo.

Mimi hukaa hapo sana. Watu huniletea makaratasi ya kutafsiri, na kivuli cha pale ni kizuri. Kwa hiyo nimelisikia swali moja likiulizwa kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya wafanyakazi wa mashirika, nayo ni ya upole: kwa nini vijana wa hapa, na shida zote hizi, wanataka kuwa wanamuziki? Wanatafuta kusahau? Sauti ya pili ni ya dada yangu, nayo haina upole hata kidogo: "Mtoto hajashiba, miwani ya jua ni ya nini?"

Mtoto anayesemwa ni binti yake. Ana miaka 17, na yeye na wenzake wanne wana kikundi cha kuimba na kudansi. Mwaka huu amekuwa akifulia watu nguo na kumsaidia mama mmoja wa chai, na pesa aliyoweka anataka kuipeleka studio mjini akarekodi wimbo mmoja. Mama yake anataka pesa hiyo hiyo iende kwa karo na unga. Wote wawili wamenijia mimi, maana kwetu mambo yakikwama anatafutwa mjomba. Naandika haya kwanza kwa ajili yao, halafu kwa yeyote mwingine mwenye swali hilo.

Nianze na Kakuma, kwa sababu huko ndiko nilikokulia, na ndiyo sababu Kiswahili changu ni hiki mnachokisoma. Mwaka 2005 nilikuwa kijana mdogo wa shule. Mwaka huo Kenya ilishikwa na wimbo wa Emmanuel Jal unaoitwa Gua. Kwa Kinuer neno hilo linabeba amani na wema, na Msudani anayelisikia kwa Kiarabu anasikia nguvu. Jal alikuwa akichanganya lugha: Kinuer, Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, kama sisi tulivyokuwa tukichanganya kwenye foleni ya maji. Habari zake tulizijua. Alichukuliwa kuwa askari akiwa mtoto, akaingizwa Kenya kwa siri na Mwingereza mfanyakazi wa misaada aitwaye Emma McCune, ambaye alifariki kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1993.

Wageni waliokuja kambini waliipenda sana hadithi hiyo. Sisi watoto haikutushangaza, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na hadithi kama hiyo, na nyingine zilikuwa mbaya zaidi. Kilichotushangaza ni vile alivyosimama. Mtu mrefu, mweusi kama sisi, mwenye jina la ukoo ambalo mama zetu waliweza kulitamka bila shida, amesimama mbele ya kamera kama mtu aliye nyumbani kwake. Kabla ya wimbo huo, watoto fulani wa mjini walikuwa wakitucheka rangi na urefu wetu. Baada yake walitufuata, watuulize hili neno la kwenye kiitikio lina maana gani. Kwa miezi michache nilikuwa mwalimu, na sikuwa nimefanya lolote. Nilikuwa tu mtu wa lugha ya Jal.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo kulikuwa na matamasha makubwa ya Live 8, ya kuwashawishi viongozi wa nchi tajiri waisaidie Afrika. Jukwaa kubwa la Uingereza lilikuwa Hyde Park, London. Wanamuziki wengi wa Afrika wakapangiwa jukwaa lao peke yao mbali na hapo, kwenye bustani za Eden Project huko Cornwall. Jal aliimba huko Cornwall. Watu wengi walilalamika wakati ule, na mimi nimelifikiria jambo hilo mara nyingi baadaye. Tamasha ni la Afrika, lakini Mwafrika yuko pembeni. Waandaaji walisema walitaka majina yanayojulikana na watu wengi ndiyo yasimame London. Lakini jina linajulikanaje kama halisimamishwi mahali linapoonekana?

Hapo ndipo ninapoanzia jibu langu.

Sisi tunaoishi kambini tunajulikana sana kwa hesabu. Familia ina namba, hema lina namba, bloku ina namba. Silalamiki. Nilikuwa UN House baada ya Desemba 2013, na najua kwamba asiyehesabiwa halii chakula. Wengi wetu tulipohamishiwa hapa Mangateen mwaka 2018, jambo la kwanza lilikuwa tena kuhesabiwa, na tulipanga mstari kwa furaha. Hesabu ni uhai. Lakini hesabu ina tabia moja: inamfanya kila mtu awe sawa na aliye nyuma yake. Mimi nikikosekana leo na akaja mwingine, namba inatimia vilevile.

Staa ni kinyume cha hiyo. John Frog akitangazwa kwa shoo na asije, huwezi kumpandisha kijana mwingine jukwaani ukasema idadi imetimia. Watu watavunja viti. Wamekuja kumuona mtu mmoja mwenye jina moja, na hakuna wa kumbadilisha naye. Naamini hicho ndicho watoto wetu wanachokiona kwenye simu, kabla ya magari na cheni za dhahabu. Wanaona mtu asiyeweza kubadilishwa na mwingine.

Kule UN House kulikuwa na programu ya Boda Boda Talk Talk. Walirekodi sauti za wakazi, halafu wakazizungusha kambini kwa pikipiki yenye spika. Habari zilikuwa za kawaida: maji, afya, ugomvi wa majirani. Lakini mtu aliyesikia sauti yake ikipita mbele ya mahema alitembea tofauti wiki nzima. Watu walimsalimia kwa jina. Kama pikipiki yenye spika inaweza kufanya hivyo, fikiria jukwaa lenye taa.

Sasa nirudi kwa binti wa dada yangu, kwa sababu wengi wanadhani ustaa ni kuzaliwa na sauti au kuwa na bahati. Mimi nimewaona wakifanya mazoezi nyuma ya kanisa. Siku moja wimbo wenyewe waliuimba mara mbili tu. Muda wote uliobaki walifanya mazoezi ya kuingia. Nani atangulie, nani asimame mguu gani mbele, wakae kimya hesabu ngapi kabla ya neno la kwanza. Waliingia, wakarudi, wakaingia tena, mpaka nikachoka mimi niliyekaa. Nguo zao ni vitambaa vya lawa vya mama zao, vimeshonwa na fundi wa cherehani wa hapa jirani, wote rangi moja, na mkanda mmoja unaofungwa upande wa kushoto. Miwani ya jua iko mitatu kwa watu watano. Wamepanga zamu ya kubadilishana katikati ya wimbo, na kubadilishana huko wamekugeuza kuwa mtindo wa kudansi. Mtu asiyejua atadhani walitaka iwe mitatu.

Nikamuuliza ile ile ya mama yake: miwani ya nini, na jua limeshazama? Akaniambia, "Mjomba, bila miwani nawaona majirani. Nikiwaona majirani nakuwa mtoto wa jirani. Nikivaa, wao ndio wananiona mimi."

Hilo ni jibu la msanii. Yeye anajua kwamba mtu akipanda jukwaani hapandi na maisha yake yote. Anatengeneza mtu mwingine kutoka ndani yake, mwenye mwendo, nguo na jina, halafu anampandisha huyo. Kutengeneza huko ni kazi. Sauti ni sehemu moja tu ya kazi.

Wazee wetu wanasema haya ni mambo ya televisheni, yametoka nje. Mimi nawauliza kwa heshima: na maksai je? Kijana wa Kinuer akishachanjwa mistari ya gaar kwenye paji la uso, baba yake alimpa maksai wake mwenyewe, na kijana akachukua jina kutokana na rangi ya yule maksai. Wenzake wakamwita kwa jina hilo. Pembe za maksai zilikunjwa taratibu zikue kwa umbo analotaka mwenyewe, zikatundikwa vishada, shingoni ikafungwa kengele. Jioni kijana alimzungusha kambini kwa ng'ombe, kengele inalia, naye anaimba sifa alizotunga mwenyewe, za maksai na za nafsi yake, na wasichana wanasikiliza wakijifanya hawasikilizi. Baba yangu aliweza kuimba nyimbo za maksai wake hata akiwa mzee ndani ya hema, na maksai amekufa zamani. Sasa niambieni, jina la jukwaani, nguo ya jukwaani, sauti ya kengele kabla hajaonekana, mashabiki wa kike: kuna nini hapo ambacho hakiko kwenye klipu ya Diamond? Ng'ombe zetu zimeisha vitani au zimeibiwa. Vijana wetu hawana maksai wa kuzungusha. Wana simu na miwani mitatu.

Wala si sisi tu. Wanaosoma Kiswahili shuleni labda wamekiona kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad. Mama huyo alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, na wazazi wake walikuwa watumwa. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Alitembeza vyungu akiuza, akinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomtoa. Akaja mjini, akajifunza taarabu, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay na wenzake kurekodi santuri, na Kiswahili kikasikika kwenye gramafoni za pwani nzima. Akiimba alijifunika uso. Watu walimwendea kumtazama mwanamke ambaye uso wake haukuonekana. Nilipomsimulia binti wa dada yangu, akacheka: "Kumbe na yeye alikuwa na miwani yake."

Tazameni jambo hilo la majina. Alianza na Mtumwa, akafa mwaka 1950 akiwa Siti. Hakuna karatasi ya serikali iliyombadilishia. Jukwaa ndilo lililombadilishia, na watu waliokaa kumsikiliza.

Na Kongo wana wao. Papa Wemba alianzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977 pale Matonge, Kinshasa, wakati Mobutu alikuwa amekataza suti na tai akitaka wanaume wavae abakosti. Wemba akavaa suti za mafundi wakubwa wa Ulaya na Japani, na vijana wasio na kitu wakamfuata kwa pasi na viatu vinavyong'aa. Wakaitwa masapeur, yeye mfalme wao. Kuna anayesema ni upuuzi, mtu maskini kuvaa koti la bei ya nyumba. Lakini kijana yule wa Matonge alikuwa akimwambia mkuu wa nchi jambo ambalo angelisema kwa mdomo angefungwa: mwili huu ni wangu, nitauvika mimi. Kongo pia wana desturi ya kutaja majina ya watu ndani ya wimbo, wanaita libanga. Watu hulipa pesa nzuri ili jina lao litajwe mara moja tu, kati ya gitaa na gitaa. Kuitwa jina mbele ya watu kuna bei, na watu wako tayari kuilipa.

Sasa niseme na ninyi wa mashirika, kwa sababu mnasoma kijitabu hiki na mmekuwa wema kukisoma.

Kikundi cha watoto hawa kiliwahi kuitwa na shirika moja, silitaji, waimbe siku ya maadhimisho. Wakaambiwa waandae wimbo wa kunawa mikono. Ni sawa kabisa. Juba iliona kipindupindu mwaka 2014 na tena 2016, na mwenye kumbukumbu hawezi kuucheka wimbo wa sabuni. Wakatunga. Walipofika na nguo zao za lawa, wakapewa fulana zenye nembo, wavae juu. Miwani wakaombwa waivue, ati kwenye picha haionyeshi hali halisi. Mtangazaji akawakaribisha kama "vijana wa Mangateen". Wakaimba wamesimama mstari mmoja, mikono mbele. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Wimbo ule haujawahi kuombwa kwenye meza ya kuchaji simu. Hata mara moja. Kijana wa pale ananiambia amejaribu kuuweka bure.

Sisemi hivyo kwa hasira. Nasema kwa sababu mlitaka ujumbe ufike, na haukufika. Watu wanabeba nyumbani wimbo wa mtu waliyemtamani. Ukimvua kijana kila kinachofanya atamanike, ukabakiza ujumbe peke yake, umebakiza bango. Bango tunalo tayari, liko pale kwenye bomba la maji. Eddy Kenzo alipotoa Sitya Loss mwaka 2014, kilichoibeba dunia nzima ni klipu ya watoto wa Kampala wakidansi kwenye vumbi, wale walioitwa baadaye Ghetto Kids. Vumbi lilionekana, umaskini ulionekana, hakuna aliyeuficha. Lakini jicho liliwafuata watoto kwa sababu walikuwa hodari kupita kiasi na walijua kwamba ni hodari. Hiyo pia ni hali halisi.

Kwa upande wa dada yangu, sina haki ya kumjibu harakaharaka. Hofu yake ina miguu. Msichana akisimama mbele ya watu akadansi, kesho atasemwa. Kuna wanaume watakaosema huyu ni wa jukwaani, wapunguze ng'ombe za mahari, na kuna wengine watakaosema maneno mabaya kuliko hayo. Kuna wenye studio wanaomwambia msichana asiye na pesa kwamba pesa si lazima. Na ustaa wenyewe hula watu. Papa Wemba alianguka akiimba jukwaani Abidjan, tarehe 24 Aprili 2016, hakuamka. Halima Aden alizaliwa Kakuma, pale pale nilipokulia, akawa mwanamitindo mwenye hijabu aliyejulikana dunia nzima, na mwaka 2020 akaacha kupanda majukwaa ya mitindo, akasema kazi hiyo ilikuwa ikimtoa polepole kwenye dini yake. Aliyetamaniwa na watu wote alihisi anajipoteza. Kwa hiyo mama anayesema subiri si mshamba. Anaona mbali.

Lakini nataka dada yangu amfikirie Gordon Koang, kwa sababu huyo anampenda mwenyewe, nimemsikia akiimba nyimbo zake akipika asida.

Koang alizaliwa kipofu, huko Upper Nile. Anapiga thom, kile chombo chetu cha nyuzi, na alianza kwa kuimba makanisani na barabarani hapa Juba, mpaka watu wakamwita Mfalme wa Muziki. Mfalme ambaye hajawahi kuona uso wa shabiki hata mmoja. Vita vilipozuka Desemba 2013, yeye na binamu yake Paul Biel walikuwa Australia, wakiwaimbia watu wetu walioko huko. Kurudi hakukuwezekana. Akaomba hifadhi. Akakaa miaka akingoja karatasi, mbali na mke na watoto. Mtu ambaye hapa akitembea barabara inafunga, kule alikuwa faili kwenye kabati. Najua watu wengi wa Mangateen waliokaa wakiwa faili, nami nilikuwa mmoja.

Kile alichofanya ni kuendelea kuwa Gordon Koang. Aliendelea kupiga thom mbele ya watu wachache, kisha mbele ya Wazungu wasiojua Kinuer hata neno moja. Wakadansi. Mwaka 2019 akapewa ukaazi, na mwaka 2020 albamu yake Unity ikatolewa na lebo ya Music in Exile ya Melbourne. Ndani yake kuna wimbo uitwao Asylum Seeker, wa kuwatia moyo wanaongoja karatasi kama alivyongoja yeye. Mimi nikiusikiliza simsikii mtu anayeomba kuhurumiwa. Namsikia mfalme akiwapitia watu wake kwenye foleni.

Hiyo ndiyo faida ya jina lililowahi kuitwa mbele ya watu. Vita vinaweza kukuondoa mahali, ofisi inaweza kukupa namba, lakini kuna watu elfu kadhaa ambao wamekushuhudia ukiwa wewe, na ushahidi wao hauishi muda kama kadi. Kwa hiyo, kwa wafanyakazi wa mashirika wanaouliza kama vijana wanatafuta kusahau: hapana, mimi naona wanatafuta kukumbukwa. Na kwa dada yangu anayeuliza miwani ni ya nini: ni sehemu ya kengele ya maksai.

Neno langu kama mjomba ni hili. Karo ya muhula huu itangulie, na mimi nitatoa sehemu ya unga kutoka kwa hela yangu ya kutafsiri. Kitakachobaki kwenye pesa ya binti ni jasho lake, na aende nacho studio. Hataenda peke yake. Nitakaa ndani ya chumba hicho mpaka wamalize, na mama yake akitaka, akae karibu na mlango. Kama hakitatosha wimbo mzima, warekodi nusu wangoje. Siti alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 50 alipofika Bombay. Binti wa miaka 17 anaweza kungoja hadi Krismasi.

Dada yangu hajakubali bado. Amesema atafikiria, na kwetu hilo si hapana.

Kwa wakazi wenzangu: siku watakapoimba, msiwatazame kama watoto wa jirani. Wamefanya mazoezi ya kuingia kuliko mnavyodhani. Kwa mashirika: mkiwaita tena, waacheni na nguo zao na miwani yao mitatu, mwone kama wimbo wa sabuni hautafika mpaka Gudele. Na mtangazaji awaulize majina kabla, ayatamke vizuri, mmoja mmoja, wote watano. Mimi sikuyaandika hapa kwa makusudi. Kuyataja mbele ya watu ni kazi yao, na wanaifanyia mazoezi.